Nyuki wa Dakika Thelathini

Hadithi ya nyuki ina urefu wa dakika thelathini. Kwa miaka thelathini na sita, mteja yeyote aliyeketi kwenye kiti cha kwanza cha saluni ya Mama Brashi akiwa na mvi, na akitaka kuondoka bila mvi, alipakwa rangi nyeusi, akavishwa kofia ya plastiki, kisha akasimuliwa habari za nyuki waliovamia mkutano wa wazazi shuleni. Nyuki walipokwisha kutoka kwenye kipaza sauti, na mgeni rasmi alipokwisha kutoka kwenye tangi la maji, rangi ilikuwa imeshika. Mteja alipelekwa kwenye sinki kuoshwa.

Hiyo ndiyo saa pekee iliyokuwamo mle ndani. Saluni ni chumba kimoja chenye vioo vitatu, viti viwili vya kuzunguka, ambavyo kimoja kimekataa kuzunguka, draya moja ya kofia, na sinki lenye pengo la kulaza shingo. Ukutani, mahali ambapo wengine wangetundika saa, pana msumari mtupu. Mwanamke aliyemfundisha kazi Mama Brashi alimkataza saa tangu wiki ya kwanza. "Saa inamkumbusha mteja kwamba ana nyumbani," alimwambia. "Wewe piga soga. Jua urefu wa soga zako."

Akajua. Hadithi ya mayai, jinsi mchumba wake, ambaye sasa ni mumewe na ni fundi wa friji, alivyokuja kujitambulisha kwa wazazi akakalia trei ya mayai, ilikuwa dakika kumi na tano: dawa ya kulainisha nywele za wastani. Hadithi ya jino la shangazi ilikuwa dakika tano: mafuta ya kurudisha unyevu. Masharubu ya mwanamume yalihitaji jino mara mbili. Wateja wa zamani waliagiza kwa majina hayo. Mtu aliingia, akaning'iniza mkoba, akasema, "Leo nipe nyuki," na hakuna aliyemshangaa.

Mama Brashi ana miaka sitini na mitatu. Ni mfupi, mpana wa mabega, na huongea kitana kikiwa mdomoni bila kupoteza neno. Kucha zake za mkono wa kulia ni nyeusi pembeni ingawa hajawahi kushika rangi bila glovu. Mpaka mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa hajaharibu kichwa cha mtu.

Cha kwanza kilikuwa cha Mwalimu, mwalimu mkuu mstaafu, mteja wake wa kila mwezi. Alikula nyuki mzima, akaoshwa, akakaushwa, akageuzwa kwenye kioo. Nywele zilikuwa na rangi ya kiatu cha ngozi kilichosahauliwa juani.

"Taa hiyo," alisema Mama Brashi.

Wakatoka nje. Nje ilikuwa mbaya zaidi.

Cha pili hakikuwa kichwa. Mwenye bucha la jirani, mwanamume mkubwa anayepaka masharubu yake rangi kwa siri ambayo mtaa mzima unaijua, alitoka saluni na kitu cha rangi ya karoti chini ya pua. Kwa siku tisa aliuza nyama akiwa amevaa barakoa, akisema ana mafua. Wateja walimpa pole na kumwomba aongeze mifupa.

Mama Brashi alilaumu maji. Kisha akalaumu brashi. Hatimaye alipiga simu kwenye namba iliyoandikwa kwenye boksi la rangi, akawafokea watengenezaji bila kuvuta pumzi. Kijana aliyepokea alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa adabu:

"Mama, uliiacha kichwani dakika ngapi?"

"Nyuki mzima."

Upande wa pili zikasikika kurasa zikifunuliwa.

"Naomba urudie, Mama?"

Akakata simu.

Binti yake ndiye aliyeanza kushuku. Ana miaka thelathini na minne, anashika kiti cha pili, kile kisichozunguka, na ana cheti cha chuo kilichowekwa kwenye fremu. Siku moja mama yake alipoanza kumsimulia mteja hadithi, binti aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akawasha kipima muda cha simu. Akafanya hivyo wiki mbili, akiandika matokeo nyuma ya kalenda. Alhamisi moja Mwalimu alikuwa amerudi kurekebishiwa ile rangi ya kiatu, na Mama Brashi alikuwa akimalizia nyuki. Alipomshika tu mabega ili ampeleke sinki, binti akatoa simu mfukoni.

"Mama, usimwoshe."

"Kwa nini? Mgeni rasmi ameshatoka kwenye tangi."

"Ametoka mapema. Dakika kumi na tisa."

"Nani kumi na tisa?"

"Nyuki. Wiki iliyopita walikuwa ishirini. Mayai ni tisa. Jino ni mbili na nusu, na jino lenyewe siku hizi haling'olewi, Mama. Shangazi anashika shavu, hadithi imekwisha."

Mama Brashi akacheka kicheko cha dharau, kile cha puani. "Simu yako mbovu."

"Simu mbovu? Na yule kuku je? Hadithi ile ilikuwa na kuku. Aliingia mkutanoni, akapanda meza kuu, akanyea daftari la mahudhurio. Yuko wapi?"

"Kuku yupo."

"Hayupo, Mama."

Mwalimu, chini ya kofia ya plastiki, akainua kidole kama mtoto darasani. "Samahani. Na mimi niko wapi?"

Wote wawili wakamgeukia.

"Mkutano ule ulikuwa wa shule yangu," alisema Mwalimu. "Mimi ndiye niliyekuwa nasoma hotuba. Nilikimbia na karatasi zangu, nikapoteza kiatu, nikarudi kukifuata. Nimekuwemo kwenye hadithi hii miaka thelathini na sita. Leo nimesikiliza kwa makini, sijasikia jina langu wala kiatu changu. Mmenifuta lini?"

Mama Brashi akatafuta kichwani, akapitia mkutano ule kuanzia getini, kiti kwa kiti. Hakumwona Mwalimu. Palikuwa na nyuki, mtu mnene aliyekwama dirishani, kisha tangi la maji, kwisha. Akakaa kwenye kiti kisichozunguka.

"Mungu wangu," alisema. "Nazeeka."

"Unazeeka vizuri tu," alisema Mwalimu. "Hilo ni jambo jingine. Hebu niambie siku ya kwanza ulipohamia mtaa huu."

"Ah, siku ile! Mvua ilikuwa inanyesha, kitanda kiko juu ya mkokoteni, Mzee wangu amekikalia ili godoro lisipeperuke. Ufunguo ukagoma. Mama wa nyumba ya pili akatuletea mwavuli umetoboka katikati, akasema ndio aliobaki nao. Nilikuwa nimevaa..."

"Inatosha. Sasa niambie Jumanne iliyopita."

"Jumanne." Alifikiri. "Nilisuka."

"Jumanne ya kabla yake?"

"Nilisuka."

"Mwaka jana?"

"Mwaka mzima? Nilisuka."

"Unaona? Kichwa si kijinga," alisema Mwalimu. "Kitu kikiwa kipya kinakiandika chote, mpaka tundu la mwavuli. Kikishakizoea, kinaandika 'kama kawaida' na kuendelea na shughuli zake. Sasa wewe ukigeuka kuutazama mwaka, unakuta kurasa zote ni 'kama kawaida', unasema mwaka umekimbia. Haukukimbia. Hukuuandika. Na hadithi zako umezisimulia mpaka ulimi unaruka pale ulipopazoea, halafu wewe unahisi umezisema zote."

"Na hesabu pia," akaongeza binti. "Mtoto wa miaka sita, mwaka mmoja ni sehemu moja ya sita ya maisha yake yote. Wako ni moja ya sitini na tatu."

"Hesabu za kunizika hizo. Ziache."

Lakini binti hakuacha. Alikuwa na jambo alilolibeba kwa wiki mbili, na akalitua. Alisema kwa upole kwamba labda wakati umefika mama apumzike kidogo. Aache rangi na dawa. Akae kwenye kimeza cha mlangoni, apokee wateja, apange zamu, apige soga zake bila kichwa cha mtu kuharibika. Au, kama hataki, aweke saa.

Mama Brashi aliukataa msumari kwanza, kimeza baadaye, na vyote viwili kwa sauti ya kufikia bucha. Kisha akafanya jambo ambalo watu wenye kiburi cha kazi hulifanya wakibanwa: akataka mtihani.

"Jumamosi anakuja mkwe," alisema. "Kichwa chake kizima. Bila saa."

Binti macho yakamtoka. Mkwe huyo alikuwa mama wa mume wake. "Mama, tafuta kichwa kingine! Siku hiyo anaagwa kazini!"

"Kichwa ni kichwa."

Waliandika mkataba nyuma ya kifuniko cha boksi la rangi, Mwalimu akiwa shahidi. Mvi ikionekana, au nywele zikitoka kahawia, Mama atakabidhi brashi, rangi na dawa zote, na kuhamia kwenye kimeza. Nywele zikitoka nyeusi, kimeza hakitatajwa tena. Saa ni marufuku. Mtu yeyote kumtajia Mama muda ni marufuku. Kipengele hiki aliking'ang'ania binti mwenyewe, akijua wateja wangemsaidia mama yake. Mwalimu akatia sahihi, akakaa mpaka zile dakika kumi na moja zilizosalia zikatimia, akaoshwa. Alitoka mweusi tii.

Siku mbili hizo Mama Brashi alifanya mazoezi. Alimsimulia mumewe nyuki wakati wa chakula cha mchana. Fundi friji alimsikiliza, akafuta mdomo. "Friji likianza kukimbia hivyo," alisema, "ujue kompresa inakaribia kuaga." Mama Brashi hakuomba ushauri mwingine kwake.

Ijumaa alasiri alikuwa akimsuka mjukuu wake wa miaka sita. Mtoto alianza kumweleza habari ya sisimizi aliyeingia kwenye mkebe wake wa penseli. Sisimizi aliingia. Lakini kabla hajaingia alisimama. Aliposimama alitazama huku, halafu huku, na mwenzake wa dawati akasema ni wa kike kwa sababu ana kiuno, na yeye akasema hapana, na mwalimu akauliza nani anaongea. Nywele zikasukwa kichwa kizima, mistari kumi na minne, na sisimizi alikuwa bado hajafika kwenye kifutio.

"Halafu?" aliuliza Mama Brashi, mikono yake ikiwa imeshakosa kazi.

"Subiri, Bibi. Bado anafikiria."

Bibi alisubiri, kama fundi anayemtazama fundi mwenzake akipiga msumari kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi saa saba kamili mkwe aliingia. Alikuwa mkuu wa ofisi ya posta, na kwa miaka thelathini na mitano watu walirekebisha saa zao kwa mlio wa dirisha lake likifunguliwa. Saa tisa alasiri angeagwa. Picha ingepigwa, na picha hiyo ingetundikwa kwenye ukuta wa posta pamoja na za wakuu sita waliomtangulia, ikae hapo kadiri ukuta utakavyokaa.

"Habari za hapa, Mkwe? Nina saa moja na nusu, kisha nivae."

"Inatosha na kubaki, Mkwe. Karibu kiti."

Binti akaomba kwa heshima zote kwamba mama mkwe avue saa ya mkononi, isije ikadondokewa na rangi, akaitia kwenye mkoba. Kisha akarudi kwenye kiti chake, ambako mteja wa kusuka alikuwa akingoja, simu ikiwa tayari mfukoni.

Mama Brashi alipaka mafuta ya mgando kuzunguka paji la uso na masikio, akagawa nywele mafungu manne, akapaka rangi kuanzia kisogoni, akafunika. Binti akawasha kipima muda mfukoni. Mama Brashi akakohoa.

"Siku ile, Mkwe, jua lilikuwa kali..."

"Ni ile ya nyuki?"

"Ndiyo."

"Naipenda hiyo. Endelea."

Akaendelea. Alimrudisha Mwalimu, na hotuba yake, na kiatu. Alimrudisha kuku. Kuku akaingia, akapanda meza kuu, akasimama pale, na ikawa wazi kwamba hana la kufanya. Alijaribu kutia chumvi: nyuki wakawa weusi, wakawa wakubwa, mtu mnene akakwama dirishani kwa muda mrefu sana. Lakini ulimi ulikuwa unaijua njia. Uliteleza. Mara mgeni rasmi huyo hapo, analoa, anatoka kwenye tangi, na hakuna kilichobaki.

Akasimama. Hakujua ni dakika ngapi. Zinaweza kuwa thelathini. Zinaweza kuwa kumi. Alimtazama binti yake kwenye kioo. Binti alikuwa ameinama, anasuka kana kwamba analipwa kwa kila unywele. Akamshika mkwe mabega, akampeleka hatua mbili kuelekea sinki, akashika koki.

Hapo akamkumbuka sisimizi wa mjukuu wake, aliyekuwa bado anafikiria. Akaiachia koki.

"Mkwe, hebu rudi ukae. Kuna jambo sijamwambia mtu."

"Jambo gani?"

"Kichwa chako ni mtihani."

Nyuma yake kitana kilianguka sakafuni.

Akamweleza. Hakuwa ameipanga hadithi hii, kwa hiyo ilitoka na kila kitu kilichokuwemo. Alianza na kichwa cha Mwalimu, jinsi walivyotoka nje kutafuta jua la kuwasaidia, na jua likawaumbua. Akaja kwa mwenye bucha. Akaiga sauti yake ndani ya barakoa, akiuliza mtu kama anataka paja au bega. Akampigia simu kijana wa rangi upya, upande huu yeye, upande ule kijana, na alipofika kwenye "Nyuki mzima" mkwe alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Ulimwambia hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na yeye?"

"Ananiomba nirudie!"

Mkwe alicheka mpaka kofia ya plastiki ikahama. Tone la rangi likateleza nyuma ya sikio la kushoto, likashuka shingoni. Hakuna aliyeliona. Mama Brashi alikuwa ameshafika kwa mumewe na kompresa.

"Sasa nikishindwa leo," alisema, na hapa sauti ikapungua, "nahamia pale mlangoni, kwenye kile kimeza. Na mimi sikiogopi kimeza, Mkwe. Naogopa siku. Nikiwa na kazi mikononi zinanipita mbio hivi. Nikikaa bure itakuwaje? Nitaketi Jumatatu, nikiinua macho ni mwezi wa kumi na mbili."

Mkwe alijitazama kwenye kioo, mwanamke wa miaka sitini aliyevaa kofia ya plastiki.

"Na mimi ninaanza Jumatatu hii hii," alisema.

"Unaanza nini?"

"Kukaa bure."

Wakatazamana kwenye kioo. Haijulikani nani alianza. Mmoja alitoa mlio mdogo, kama wa birika, mwingine akajibu, na baada ya hapo walikuwa wawili wanaocheka mpaka machozi, wameshikana mikono, mteja wa kusuka akicheka kwa sababu wao wanacheka.

"Picha ya ukutani, Mkwe! Na ungenitoa kahawia!"

"Karoti, labda!"

"Ngoja," alisema mkwe, akijifuta macho. "Ngoja. Kwa kuwa tunaambiana. Mimi nina moja, sijamwambia hata mume wangu. Mwaka wangu wa pili posta, nilizungusha muhuri wa tarehe vibaya. Tarehe kumi na moja, mimi nagonga kumi na mbili. Asubuhi nzima. Barua zote za mji."

"Mungu wangu! Mji mzima ukapata barua za kesho?"

"Kuna bwana mmoja akaja dirishani, ameshika bahasha. Ananiambia, 'Dada, barua hii nimeipokea leo, lakini inaonyesha itatumwa kesho.'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tumeboresha huduma."

Mama Brashi alilazimika kukaa chini. Kwenye kiti cha pili binti yake alikuwa na shida ya aina nyingine. Simu ilisema dakika thelathini na nane. Ikasema arobaini. Kipengele cha mkataba kilikuwa chake mwenyewe, kwa mwandiko wake, na hakikuwa na tundu la kupitia. Akakohoa. Akaangusha kitana kwa makusudi, mara mbili. Akaanza kuimba kwa sauti wimbo usio na maneno wenye wasiwasi mwingi. Mkwe akamuuliza kama anaumwa na tumbo, akarudi kwenye habari za bwana wa bahasha, ambaye kesho yake alirudi kuuliza kama barua ya kesho kutwa imefika.

Dakika ya arobaini na saba Mama Brashi alinyoosha mkono kufuta machozi ya mkwe wake, akaona sikio.

"Sinki!" alipiga kelele. "Sinki, sinki, sinki!"

Walimwosha kwa pamoja, Mama, binti na mteja wa kusuka. Nywele zilitoka nyeusi kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Mvi haikuonekana hata moja. Hata pale ambapo mvi haikuwapo palikuwa peusi zaidi. Sikio la kushoto lilikuwa jeusi pia, na mstari mmoja ulishuka mpaka kwenye kola. Walisugua kwa pamba na dawa ya meno. Shingo ilikubali. Sikio lilikubali nusu.

"Umezidisha dakika kumi na saba," alisema binti, pamba mkononi. "Mama, kumi na saba! Ni kosa lile lile, umeligeuza tu."

"Lete mkataba."

Kifuniko cha boksi kikaletwa, mkwe akakisoma akiwa amelaza sikio kwenye taulo. Alikisoma mara mbili, kama mtu aliyesoma maandishi ya wengine maisha yake yote.

"Mwanangu," alimwambia mke wa mwanawe, "unajua nakupenda. Lakini mimi ni mtu wa maandishi. Hapa pameandikwa mvi, na pameandikwa kahawia. Sikio halikuandikwa."

Binti alimtazama mama yake, akamtazama mama mkwe wake, wote wawili wakiwa na povu la dawa ya meno kwenye nyusi, akashindwa kuendelea kukasirika. "Haya," alisema. "Brashi ni yako. Lakini hadithi iliyokwisha kusimuliwa haipaki tena rangi. Kila kichwa na hadithi yake mpya. Na kengele itakaa mfukoni mwangu, ikilia thelathini unaosha, hata kama mtu amening'inia dirishani."

"Na mwisho wa hadithi?"

"Atausikilizia kwenye draya."

Mkwe alifika posta saa tisa na dakika sita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchelewa, na wafanyakazi walikuwa wameanza kuulizana hospitali gani wapige simu. Mpiga picha aliombwa asimame upande wa kulia. Picha hiyo ipo ukutani sasa: wakuu sita wanaotazama mbele kwa ukali, na mmoja anayetazama pembeni, akijaribu kutocheka, bila kufanikiwa.

Kwa Mama Brashi ushindi uligeuka kazi. Ana vichwa vinne vya rangi kwa wiki. Hadithi nne mpya kwa wiki haziwezi kupatikana kati ya sinki na draya, kwa hiyo alianza kutoka. Alikaa siku nzima mahakamani akisikiliza kesi ya majirani wanaogombania kivuli cha ukuta. Alikwenda kwenye mechi ya mpira, akashangilia pande zote mbili, akahamishwa viti mara tatu. Alijiunga na darasa la kuogelea la akina mama, akanywa maji mengi. Anasema wiki ya kwanza tu ilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima uliotangulia, na kwamba Jumatano yake ilikuwa na siku mbili ndani.

Wiki iliyopita alikwenda kituo cha zimamoto. Mwalimu alikuwa anakuja kesho yake, na Mwalimu si mtu wa kupewa hadithi ya kawaida. Mkuu wa zamu, ambaye mke wake husukwa pale saluni, alimkuta amesimama chini ya gari lenye ngazi ndefu, ameinua kidevu.

"Shikamoo, Mama. Kuna moto?"

"Marahaba. Hakuna. Nataka kupanda hii."

"Mama, hapa hatupandishi watu bila moto."

"Moto upo kesho, saa nne asubuhi, kwenye kiti changu cha kwanza. Nisipopanda leo nitamsimulia nini Mwalimu?"

Mkuu wa zamu aliwatazama vijana wake. Ilikuwa siku ya mazoezi, na ngazi ingepandishwa kwa vyovyote. Wakamvisha kofia ngumu, wakamfunga mkanda, mkuu akaingia naye kwenye kikapu. Ngazi ikaanza kunyooka. Paa la kituo likashuka, waya za umeme zikashuka, sauti za watu zikawa nyembamba. Mama Brashi alishika ukingo wa kikapu kwa mikono miwili.

Kikapu kikatulia mita ishirini na tano juu, kikiyumba kidogo. Aliona bati la saluni yake, dogo kama kifuniko cha sufuria, na mtu mmoja mwenye aproni amesimama mlangoni ameshika kiuno, anatazama juu. Alimpungia mkono. Akacheka kwa nguvu hata kikapu kikatikisika.

"Umeshaona, Mama?" aliuliza mkuu wa zamu, mkono kwenye kitufe. "Tushuke?"

"Aka! Tumefika sasa hivi," alisema Mama Brashi. "Kwanza nigeuze. Upande ule wote sijautazama."